Acheni kuandika "moto" kwa kazi hamjaangalia

Jumapili ilikuwa inaenda poa mpaka pale mtu mmoja tunayejuana kitambo aliponivuta kando karibu na jikoni, sahani ya pilau mkononi, akaninong'oneza, "Wee, si huyo ni rafiki yako? Mbona unamuaibisha hivyo mbele ya watu?" Na mimi nilikuwa nimefanya nini? Tulikuwa kwenye maonyesho ya kazi za marafiki zetu hapa Kisumu, na nilikuwa nimemwambia mwenye ile picha kubwa ya ukutani kwamba ziwa alilochora si ziwa letu la Victoria. Basi. Sikutukana mtu, sikupaza sauti, nilisimama mbele ya picha muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote pale, nikasema vile naona. Lakini kumbe hapo ndipo nilikosa adabu, kwa sababu wenzangu walikuwa wamepita mbio, wakapiga selfi, wakasema "moto sana bana" na wakaenda kupanga laini ya soda.

Hii tabia imenichosha. Marafiki zetu wamekaa wiki na wiki wakitengeneza vitu, sharti likiwa moja tu, kazi yako ianzie kwa rangi ya bluu, ukitaka shona, ukitaka imba, ukitaka pika, halafu wametualika kompaundi ya mwenzao huko Nyalenda tuje tuone. Tuone! Sasa wewe umekuja, umekula, umeondoka, na usiku kwa grupu ya WhatsApp unamwaga vile vialama vya moto kumi na mbili. Kuna mmoja alimwaga moto na hakuwa amekuja, alikuwa Nakuru kwa ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake, hata picha zilikuwa bado hazijatumwa. Moto ya nini?

Wacha niseme basi nilichoona, kwa sababu mimi niliangalia.

Kazi iliyonishika kabisa ni zile picha za jua. Yule dada alichukua mashuka ya zamani ya pamba, akayapaka ile dawa ya chumvi mbili za chuma kwa chumba cha giza, akaacha yakauke, halafu saa sita mchana akayaanika nje akayapangia omena kavu, wale dagaa wetu wa ziwani, na majani ya gugumaji juu. Jua hili letu, na ikweta iko tu hapo Maseno, halihitaji kubembelezwa. Kitambaa kinatoka kijanikijani kinaelekea rangi ya jivu, unaona kama kimeharibika, halafu ukikisuuza kwa beseni ya maji bluu inajitokeza na pale omena walikuwa wamelala panabaki peupe. Ni ujuzi wa zamani, mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliugundua 1842 na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuutumia kwa mimea ya baharini kule Uingereza, na baadaye mafundi wa ramani za majengo wakauchukua. Lakini Atkins hakuwa na omena. Kuna shuka moja omena mmoja alikuwa na mafuta kidogo, yakanywea kwa kitambaa, sasa kivuli chake kina ukungu pembeni kama ametoka kuogelea sasa hivi. Nilikaa hapo kama dakika kumi. Lawama yangu: alianika kumi na moja na tano zilitosha, yale yenye majani peke yake yanafanana na pazia za hoteli. Nilimwambia. Akacheka, akasema yale ya pazia ndiyo watu waliulizia bei.

Halafu gauni ya harusi ya neti za mbu. Neti zile za bluu za serikali, ambazo tunazijua sote zilivyomaliza kazi ya malaria zikaenda kuzungushia sukuma na kufunika vifaranga. Fundi amekusanya kuukuu, amefua, ameshona matabaka juu ya matabaka mpaka sketi inasimama yenyewe. Karibu na kiuno kuna tundu la mshumaa, limeungua kwa mviringo, na hajalificha, amelizungushia uzi mweupe kama kifungo. Mtoto wa nani alikuwa anasoma usiku na mshumaa ndani ya neti? Hiyo tundu peke yake ina hadithi kuliko nusu ya vitu nimeona mwaka huu. Lakini nyuma, jameni, nyuma kulikuwa na pini. Fundi unaijua zipu, umeweka zipu kwa nguo za nusu ya Kondele, na gauni yako mwenyewe unaifunga na pini za nepi?

Kulikuwa na shairi pia la ile bluu ya kufulia, kile kidonge mama anakifunga kwa kitambaa anakizungusha kwa beseni ili shati la shule liwe jeupe kuliko la jirani. Shairi zuri, refu mno, beti za nyota angefuta zote. Mimi ningependa angegusa hii: kitu kilichokuwa kwa kile kidonge ni ile rangi ya altramarini, ambayo zamani wachoraji wa Ulaya waliingoja itoke milima ya Badakhshan huko Afuganistani, jiwe la kusagwa, bei yake ikishindana na dhahabu. Mwaka wa 1824 Wafaransa wakaweka zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza kiwandani kwa bei nafuu, na mwaka wa 1828 mkemia wao Guimet akaichukua hiyo zawadi. Baada ya hapo ikashuka bei mpaka ikafika kwa beseni ya nyanya yangu. Yaani rangi waliyowekewa watakatifu makanisani ndiyo imeng'arisha kola yangu ya darasa la tatu, na wewe una shairi la dakika tisa unaniambia habari za nyota!

Wimbo ulikuwa sawa. Keki ilikuwa bluu na ilitia watu meno bluu, hiyo ndiyo maoni yangu yote kuhusu keki.

Sasa turudi kwa ziwa. Kitambaa cha mita mbili, mashua katikati, na maji ni bluu ile ya kalenda ya wakala wa utalii, bluu ya bahari ya Diani, bluu ya skrini ya simu mpya kabla hujaweka picha ya watoto. Nimekaa Kisumu maisha yangu yote. Simama Dunga, simama Usoma, simama Hippo Point jioni na mahindi yako ya kuchoma: maji ya upande wetu ni kijani, ni kahawia, mvua ikinyesha huko juu, mto Nyando unaleta udongo wa mashamba ya watu, na hii ghuba haina kina, upepo ukivuma tope ya chini inapanda. Siku gugumaji likifunga huoni hata maji, unaona shamba. Bluu ya mji huu haimo majini, iko kila mahali pengine. Ni maturubai ya soko la Kibuye siku ya Jumapili, ni jerikeni za mkokoteni wa maji, ni ovaroli za mafundi, ni rangi ya ubavuni mwa mashua yenyewe inayobambuka ukiigusa na ukucha. Huyu rafiki yangu amezaliwa hatua chache kutoka kwa hayo maji, anajua hayo yote kuliko mimi, na mkono wake ni mzuri, mashua aliichora mpaka unasikia mbao zikilia. Ndiyo maana nilikasirika. Angekuwa hajui kuchora ningesema moto nikaenda zangu kula.

Na msiniletee ile ya "sisi ni marafiki, hatuko hapa kukosoana." Ati urafiki ni kupigiana makofi? 1911 huko Munich kulikuwa na wasee wawili wachoraji, Kandinsky na Franz Marc. Chama cha wasanii walichokuwemo kilikataa picha ya Kandinsky, sababu rasmi ati imezidi kipimo, hao wawili wakatoka pamoja na mchoraji mwenzao Gabriele Münter, na kabla Desemba iishe walikuwa wamefungua maonyesho yao wenyewe. Kundi lao waliliita Mpanda Farasi wa Bluu. Kandinsky alisimulia baadaye kwamba jina walilipatia mezani kwenye kahawa, wote wawili walipenda bluu, Marc alipenda farasi, yeye wapandaji, jina likajileta. Yaani kama sisi kabisa, marafiki na rangi moja. Sasa, Marc alikuwa na rafiki wa chanda na pete, mchoraji August Macke, kijana zaidi. Hawa walibishana rangi kwa barua, Marc akimweleza Desemba 1910 ati bluu ni ya kiume, kali, ya kiroho, mambo mazito mazito. Macke akajiunga na hao watu wa bluu, akaonyesha kazi nao, na bado 1913 akachora kichekesho cha kuwadhihaki, hao hao marafiki zake na utukufu wao. Na urafiki haukufa. Macke aliuawa vitani Septemba 1914 na aliyekaa chini kumwandikia tanzia ni Marc. Marc naye akafia vitani Verdun Machi 1916. Hakuna aliyemvuta Macke kando na sahani ya pilau.

(Picasso naye alianza picha zake za bluu mwaka wa 1901 baada ya rafiki yake Casagemas kujiua, mwaka uo huo reli ilifika hapa kwetu pakiitwa Port Florence. Hazihusiani. Nimependa tu kwamba zimegongana.)

Sawa, nakubali kuna wakati wa kufunga mdomo. Mtu ameanza jana, mikono bado inatetemeka, huwezi kumrukia na habari za tope la Nyando. Na kuna yule mwenzetu aliyeleta kijibango kidogo cha shanga za bluu za marehemu mama yake, pale sikusema kitu na wala sikutaka kusema kitu, nilikaa naye tu kwa benchi. Najua tofauti. Lakini hawa wengine ni watu wazima, wamefanya hii kazi miaka, na mtu wa namna hiyo ukimpa moto bila kumwangalia unamwambia kwa upole kwamba kazi yake haina uzito wa kubishaniwa. Nyanya ya kuoza sokoni tunaibishania dakika tano, tunaigeuza, tunaibonyeza, tunamuuliza mama hii ni ya lini. Shuka la omena halistahili hata hiyo?

Na bei. Aliyeuliza "bei ya rafiki ni ngapi" akiwa na simu ya elfu themanini mkononi, omera, ndugu yangu, bei ya rafiki ni ile ile, tena rafiki ndiye anaongeza ya chai.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba mwenye picha hakukasirika kama wale waliokasirika kwa niaba yake. Jumatatu usiku alinitumia meseji ndefu, ati mimi ni mtu wa kuamka saa tatu, ningejuaje ziwa linavyokaa saa kumi na mbili kasorobo wavuvi wa omena wakirudi na taa zao, ati kuna bluu inakaa pale muda kidogo kabla jua halijatoka na yeye ameiona tangu utotoni akimsaidia babake kuvuta mashua. Hiyo ni hoja, siwezi kuitupa. Lakini basi mbona kwa picha jua liko utosini, kivuli cha mashua kimejikunja chini yake kama saa saba mchana, na hakuna taa hata moja? Nimemuuliza hilo, na mpaka saa hii tunabishana.