Hata Hujamaliza Kuizoea, Imeshapitwa

Jamani, watengenezaji wa runinga na deki wanatuonaje? Mwaka 1976 VHS, kanda za video, ilitoka Japani, watu wakajaza makabati kanda. Mwaka 1996 ikaja DVD. Haya, tukahama, sinema zilezile tukazinunua upya! Mwaka 2006 Blu-ray na HD DVD, diski za picha kali zaidi, zikaingia sokoni kwa mpigo, zikagombana, na 2008 HD DVD ikazikwa. Aliyeinunua akamlilie nani? Na wenye kanda za harusi wazichezee wapi, ikiwa deki za VHS ziliacha kutengenezwa tangu 2016? Ukungu unazila hukohuko kabatini.

Tusisahau runinga za 3D. Tulivalishwa miwani, tukaaminishwa ndiyo kesho yenyewe. Ziko wapi?

Nyaya nazo! Zile tatu, nyekundu, nyeupe na njano, zimekosa pa kuchomekwa. Sasa ni HDMI, waya mmoja wa picha na sauti, nayo ina matoleo ya 1.4, 2.0, 2.1, kichwa kilekile. Utazitofautisha kwa macho gani?

Lakini kinachochoma roho hasa ni runinga janja. Kioo kizima, rangi zinawaka, sauti safi. Unafungua programu ya filamu, inakuandikia: kifaa hiki hakitumiki tena. Hakitumiki vipi, na rimoti ninayo mkononi? Hakuna kilichoungua, hakuna kilichopasuka. Kampuni imeamua tu kutotuma masasisho, basi, unatakiwa ubebe mzigo mzima ukautupe. Nani aliwapa ruhusa ya kuua kitu tulichokwisha kukilipia? Waandike kwenye boksi, kwa herufi kubwa, programu zitadumu hadi mwaka gani!