Crash ile, siyo hii

Naandika mapema kwa sababu shemeji yangu ameshaisambaza habari hii kwenye magrupu matatu, na kila grupu limepata chumvi yake. Eti nilizimia. Sikuzimia! Nilikaa tu, mahali pasipo na kiti.

Mnaonifuata mnaijua kazi yangu: natazama filamu, natoa nyota. Nyota zenyewe nazibania kama mchawi. Basi mama mkwe alipotaka filamu ya jioni, macho yote yakanigeukia mimi. Sharti lake lilikuwa moja: "Kitu cha watu wazima, siyo vikatuni." (Acheni kucheka, bado hatujafika.)

Nikasema Crash. Nikashusha na mhadhara: watu wa Los Angeles, ubaguzi wa rangi, magari yanagongana na wenyewe wanagongana. Ilitwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2006, ikaibwaga Brokeback Mountain ambayo wengi walikuwa wameshaivisha taji. Matusi yamo, mama, lakini na funzo limo. Shemeji, hebu itafute. Sikumtajia mwaka. Tarakimu nne tu, jamani, zingeniponya.

Gitaa za umeme zikaanza kulia polepole. Gitaa ya kwanza tu, nikajua. Ule ni muziki wa Howard Shore, mtunzi wa muziki wa Crash nyingine. Tumbo likanishuka mpaka magotini.

Zikaja ndege ndogo, zimeegeshwa bandani. Mama mkwe akasema, "Aa, kumbe inaanza na safari."

"Ndiyo, mama."

Mniulize kwa nini niliitikia. Ningesema "siyo hii", ningekuwa nimekiri kwamba na hii naijua. Nikabaki nimekodoa macho, naomba umeme ukatike. Umeme siku hiyo ulikuwa imara kama mlima.

Mwanamke akaisogelea ndege. Baba mkwe akavaa miwani. Mwanamke akaliegemea bawa. Nguo ikalegea.

"Huyu ana nini na hiyo ndege?"

"Anaikagua, mama."

"Na huyo mwanamume anayemjia kwa nyuma?"

"Fundi."

Fundi! Ndilo neno lililonitoka. Na fundi naye akaanza kazi bila kuchelewa. Ndipo niliporuka, nikasimama mbele ya runinga, mikono nimeitanua kama golikipa kwenye penalti. Picha nikaiziba. Sauti je? Sauti ikanipita kushoto na kulia, ikamfikia kila mtu alipokaa.

Shemeji akazima. Kimya. Hapo ningenyamaza na mimi, leo msingekuwa mnasoma haya. Lakini utaalamu ni ugonjwa. Nikajitetea: "Mama, hii ni ya David Cronenberg, ya 1996, ile iliyopata tuzo maalumu ya majaji kule Cannes. Inahusu watu wanaosisimkwa na ajali za magari. Mimi nilikusudia ya Paul Haggis, ya 2004."

Mama mkwe akanitazama kwa upole uliozidi tusi. "Kwa hiyo na hii ulishaiona."

Sijajibu, shemeji ameshafungua orodha yangu kwenye simu, anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ya Haggis: nyota tatu. Ya Cronenberg: nyota nne na nusu, na maelezo yangu mwenyewe chini yake: "Naitazama mara ya tatu, inazidi kunoga."

Tukaagana, nikaondoka, viatu nimevivalia nje. Leo baba mkwe kaanza kunifuata huku. Karibu, mzee.