Kungoja ni dawa ya mwenye njia ya kurudi

"Yaya, hata serumu, yale maji ya mshipani, hawakumuwekea?" Dada yangu aliuliza hivyo kutoka Katindo, mtaa wa Goma, aliposikia hospitali ya huku imemrudisha mtoto wake nyumbani, na nilikosa la kumjibu kwa simu. Acha nijibu hapa.

Mtoto huyo anaishi kwangu, Liège, Ubelgiji. Ni mrefu, mwembamba, anavuta sigara: ndio hasa wale ambao kipovu kidogo juu ya pafu hupasuka chenyewe, hewa ikavuja ndani ya kifua. Aliinama kufunga viatu, ubavu wa kulia ukamchoma ghafla, pumzi ikawa fupi. Dokta wa dharura alimpitishia ekografi, ile mashine ya kuona ndani kwa mawimbi ya sauti: kushoto pafu lilikuwa linateleza kila akipumua, kulia halikusogea. Radio ya kifua, yaani picha ya eksirei, ikathibitisha: pneumotoraksi, ndiyo hiyo hewa iliyovuja kifuani. Wakamtazama saa kadhaa, wakampiga radio ya pili, wakampa paracetamol na karatasi: pumzi ikizidi kukata piga 112, usipande ndege mpaka pafu lipone, sigara basi.

Dokta hakuzembea. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2020 ulifuata watu 316 waliopatwa hivi kwa mara ya kwanza, wasio na ugonjwa mwingine wa mapafu. Kati ya walioachwa bila bomba la kutoa hewa kifuani, kama 85 kwa 100 hawakulihitaji. Mwili wenyewe unanyonya ile hewa pole pole.

Najua mtasema: ameonja Ulaya, sasa anatufundisha kukaa bila matibabu. Hapana. Kwa ufundi wa mkono, Goma haina wa kuinamia. Wale wa hospitali ya Ndosho wamefungua vifua vya risasi miaka na miaka. Bomba linapita kati ya mbavu chini ya kwapa, ncha yake inazama ndani ya maji ya chupa iliyo chini ya kitanda, hewa inatoka ikibubujika na hairudi. Na hewa ikibana mpaka presha inashuka, hawangoji radio, sindano inaingia pale pale. Ninajivunia watu hao, na sitaki mtu anibishie.

Ninachokasirikia ni kwamba dokta wetu hawezi kungoja hata akitaka. Atamwambia nani arudi kesho? Mgonjwa ametoka Sake, nje ya mji, usiku hakuna motari wa kumbeba kwa pikipiki, radio ya kwanza imekula franga za chakula. Basi anamwekea bomba kijana ambaye labda asingelihitaji, ao anamruhusu aende na hamuoni tena.

"Kwetu kuna kifua kikuu." Kweli, na pafu lililokwisha kuugua haliachiliwi hivyo, mwenye nalo alazwe. Mimi nasemea kijana mzima.

"Ni vita." Vita vimetuharibia mengi, lakini si vita vilivyoamua kwamba radio ya pili ilipwe upya. Hospitali yoyote ya Goma inaweza kupanga bei moja ya kifua yenye radio zote mbili ndani, na kumwandikia mgonjwa namba ya muuguzi wa zamu kabla hajatoka mlangoni.