Teksi 22,100, Bila Mafuta 17,900

Ukitaka kujua ukoo wenu una wahasibu wangapi, tuma nambari kwenye kundi la harusi saa tano usiku, kisha lala.

Nilikuwa nimerudi Mombasa wiki mbili kabla ya mtihani wa mdomo wa Embraer 145 LR, ile jeti ndogo ya viti 50 yenye injini mbili mkiani. Kwetu Mji wa Kale watu wote walikuwa kwenye harusi ya dadangu, mimi niko kwenye limitesheni. Limitesheni ni vile viwango ambavyo rubani haruhusiwi kuvipita, na sehemu kubwa lazima ikae kichwani. Baadhi vimebandikwa mbele ya macho yako ndani ya ndege, kwa mfano mwendo wa flapsi, vile vibao vinavyotoka nyuma ya mabawa, na wa gia, yaani magurudumu. Mtahini hilo halimhusu. Yeye anakuuliza ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki kisichokuwa na kibandiko chochote.

Kosa la wengi ni kuzikariri kwa mpangilio wa kitabu. Unakuwa kama mtoto wa chuoni aliyehifadhi sura kwa kuanzia mwanzo tu: ukimkatiza katikati, lazima arudi bismillahi. Dawa yake ni kujirekodi. Taja swali, nyamaza sekunde tatu, taja jibu, halafu sikiliza mara kwa mara ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni. Nilijirekodi kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza nilikuwa nimekuwa kasuku. Na ili rekodi isiwe ndefu, nikaacha vipimo. Sikutaja kilo, sikutaja futi, sikutaja noti, kile kipimo cha mwendo wa ndege. (Hizo noti ningezitaja, ningeharibu zaidi.)

Rekodi nilitaka kujitumia mwenyewe. Kundi la kamati ya harusi lilikuwa mstari mmoja juu.

Waliyosikia ni haya: "Teksi, 22,100. Kupaa, 22,000. Kutua, 19,300. Bila mafuta, 17,900. Gia kushusha, 250. Kupandisha, 200. Flapsi 9, 250. Flapsi 18, 200. Flapsi 22, 200. Flapsi 45, 145. Waipa, 170. Dirisha, 140. Upepo wa nyuma, 10."

Asubuhi nikakuta ujumbe 63. Bwana harusi ni wa Malindi, na kazi ya kutafuta gari la kuwapeleka wazee nilikuwa nimepewa mimi, kwa hoja kwamba ni mtu wa usafiri.

"Mwanangu," shangazi alikuwa amerekodi kwa sauti ya msiba, "hiyo teksi ya 22,100 ni ya nani? Malindi ni hapo tu, si Makka."

Ami, karani mstaafu wa bandarini, hakuwa na haja ya kupaza sauti. Alikuwa ameshapiga hesabu. "Na mafuta 22,100, bila mafuta 17,900. Mafuta peke yake 4,200. Nieleze."

Nikamweleza. "Bila mafuta" hapa si ndege tupu. Ni ndege, marubani, abiria na mizigo, kila kitu isipokuwa mafuta yenyewe. Mafuta hukaa ndani ya mabawa. Bawa linanyanyua, tumbo la ndege linavuta chini, na pale bawa liliposhikana na mwili ndipo panapoumia. Chukua watoto wawili waliobeba ndoo kwenye mti. Ndoo ikining'inia katikati, mti unapinda. Yagawe maji yale yale kwenye ndoo mbili karibu na mabega yao, mti unanyooka. Mafuta ndiyo maji ya mabegani. Ndege ikishafika 17,900 kwa watu na mizigo, kila kilo inayoongezwa lazima iwe mafuta. Hata kikapu cha samaki hakiingii, ijapokuwa bado uko mbali na 22,000.

Na kusema kweli, 4,200 ya Ami ilikuwa hesabu halali. Ndege iliyojaa mpaka 17,900 inaruhusiwa kuanza safari na kilo 4,200 za mafuta, hata kama matangi yake yanapokea zaidi ya tani 5. Sikumwambia. Angeniuliza risiti.

"Basi hiyo mia moja," akaandika, "kati ya teksi 22,100 na kupaa 22,000, inakwenda wapi?"

Kabla sijajibu, mjomba mmoja wa Kisauni akatangulia: "Hiyo ni ya askari wa barabarani." Likapita bila kupingwa.

Jibu sahihi ni kwamba mia moja ni mafuta yanayoungua ndege ikitembea kwa magurudumu kutoka maegeshoni hadi njia ya kurukia. Ukifika mwisho wa njia hujaziunguza zote, unasubiri na injini zako mpaka uzito ushuke hadi 22,000. Kuna watu huona aibu kusubiri kwa ajili ya kilo 30. Mimi ningesubiri.

Shangazi alifurahishwa na jambo moja tu: kurudi kulikuwa rahisi kuliko kwenda, 19,300 dhidi ya 22,000. Hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Ndege huthibitishwa kustahimili kishindo cha kushuka futi 10 kwa sekunde ikiwa na uzito wa kutua, lakini futi 6 tu kwa sekunde ikiwa na uzito wa kupaa. Tofauti ya kilo 2,700 lazima iungue hewani, kwa sababu 145 haina bomba la kumwaga mafuta. Sasa Mombasa hadi Nairobi ni chini ya saa moja. Tuseme safari itakula kilo 1,200: basi kikomo chako halisi cha kupaa siku hiyo ni 19,300 kuongeza 1,200, yaani 20,500. Ile 22,000 uliyoikariri kwa jasho haikusaidii kitu. Ukijaza mafuta Mombasa mpaka ufike 22,000, utafika Nairobi ukiwa mzito na uanze kuzunguka angani huku abiria wakitazama saa zao.

Haya niliyaandika kwenye kundi, aya nne. Shangazi akajibu: "Sawa, lakini kurudi tutapanda matatu."

Gia ilileta ugomvi. "Kupanda 200, kushuka 250?" akauliza mama. "Mtu ameshafika, mnamtoza zaidi ili ashuke?" Mwendo wa kushusha magurudumu ni noti 250 kwa sababu uzito wa gia wenyewe unasaidia kwenda chini. Kupandisha ni noti 200, kwa kuwa haidroliki inalazimika kuinua uzito huo huo na kushindana na upepo, kisha milango ifunge juu yake. Ikishashuka na kufunga, unaweza kuruka nayo hadi 250. Wengi hukumbuka 250 peke yake, wanapaa, wanachelewa kupandisha, mwendo unafika 210 na gia bado iko nje. Hapo usiguse mkono wa gia. Rudisha mwendo chini ya 200 kwanza.

Flapsi walidhani ni jina la kampuni ya magari. Ami aliona ni bei ya kichwa: watu 9 kila mmoja 250, watu 45 kila mmoja 145, wingi unashusha bei, biashara safi. Kilichomkera ni kwamba watu 18 na watu 22 walitozwa sawa. "Hapo wanatuibia," akasema, na kwa mara ya kwanza nikawa sina jibu la haraka. Hizo ni digrii. Kwa kawaida 9 na 18 ni za kupaa, 22 na 45 za kutua. Kadiri flapsi zinavyotoka ndivyo upepo unavyozisukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo mwendo unapungua, isipokuwa 18 na 22 ambazo zina kikomo kimoja cha 200. Tena hazitolewi juu ya futi 20,000 hata ukiwa unatambaa.

Waipa 170 na dirisha 140 zilipita kwa urahisi: iliamuliwa kuwa watoto wasikae dirishani. Ni mwendo wa mwisho wa kuendesha waipa, na wa kufungua lile dirisha la pembeni mwa rubani. "Upepo wa nyuma, 10" ulipata emoji 41, na binti mmoja akauliza kama faini hiyo inalipwa na mwenye kosa au na basi zima.

Aliyenuna kweli ni binamu yangu wa Majengo, mwenye matatu ya viti 14. Alikuwa ameshakubali na shangazi kutupeleka kwa 18,000. Aliposikia nina teksi yangu, akatoka kwenye kundi bila salamu. Nilimwendea na haluwa kilo mbili. Akasikiliza rekodi yote, akaila haluwa, akakubali kurudi.

"Lakini bei ni 19,300," akasema. "Umeitaja mwenyewe."

Wiki iliyofuata nikakaa mbele ya mtahini Nairobi. Hakuanzia mwanzo wa kitabu, kama nilivyotarajia. Alinirukia katikati.

"Uzito wa juu kabisa wa kuteksi?"

"22,100."

"22,100 nini?"

Nilijua. Wallahi nilijua. Lakini kichwani alikuwa Ami na kalamu yake.

"Shilingi," nikasema.

Mtahini akaandika kitu kirefu kwenye karatasi yake, akaiweka kalamu chini polepole.

"Na bila mafuta?"