Silabasi ya Kilatini: kuongeza Waafrika hakutoshi

Katika kitabu cha pili cha kumbukumbu zake za vita vya Galia (takriban Ufaransa ya leo), sura ya 33, jemadari wa Roma Julius Caesar anasimulia jinsi alivyowauza utumwani Waatuatuci, kabila la huko, kwa mkupuo mmoja, kisha wanunuzi wakamletea hesabu ya vichwa: 53,000. Darasani, sentensi hiyo huishia kuwa zoezi la sarufi. Mwanafunzi anaulizwa kwa nini idadi imewekwa katika umbo la umilikishi, anajibu, anapata alama, somo linaendelea. Wanaotaka ukoloni uondolewe katika ufundishaji wa fasihi ya Kilatini wakianzia hapa, ni vigumu kuwapinga.

Tatizo linaanza kwenye dawa. Inayopendwa zaidi ni kuingiza waandishi wa Afrika Kaskazini: Apuleius wa Madauros na Augustino wa Thagaste, miji ambayo leo iko Aljeria, au Perpetua, Mkristo aliyeuawa Karthago mwaka 203. Ni nyongeza nzuri, ila mpangilio huharibika. Msamiati wa Apuleius ni mgumu na wa kujionyesha. Anayeanza hauwezi, kwa hiyo anasukumwa mwisho wa kozi au anasomwa kwa tafsiri tu. Shajara ya Perpetua gerezani, sura ya 3 hadi 10, ina sentensi fupi na inaweza kusomwa mara baada ya sarufi ya msingi, kabla hata ya Cicero, msemaji maarufu wa Roma.

Isitoshe, asili ya mwandishi haituambii msimamo wake. Jacobus Capitein, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani, alitetea huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1742 tasnifu ya Kilatini iliyodai kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Tacitus naye, seneta wa Roma, ndiye aliyemwekea Calgacus, kiongozi wa Wabritania, maneno kwamba Warumi hufanya jangwa wakaliita amani. Lakini mwalimu asiishie kwenye hotuba hiyo: kitabu kizima kilimo hotuba hiyo kinamsifu Agricola, baba mkwe wa Tacitus, jemadari aliyekuwa akiwashinda Wabritania hao hao. Utata huo ndio wa kufundishwa.

Ubishi mkali zaidi uko kwenye lugha yenyewe. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kiliacha kuwalazimisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ya taaluma ya Ugiriki na Roma ya kale kusoma Kilatini au Kigiriki. Watetezi wa hatua hiyo wana haki kusema kwamba sharti la namna hiyo huwapendelea waliotoka shule zenye uwezo. Hata hivyo, asiyejua Kilatini anabaki mikononi mwa watafsiri, na wengi wa zamani walilelewa katika fikra za dola ya Uingereza. Kwa maoni yetu, kozi ya Kilatini ianzie sifuri chuoni na iwe na saa za kutosha. Kuifuta kunawafungia mlango wale wale tunaodai kuwafungulia.

Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe mwaka 1968, waliuliza nini kiwe kitovu cha masomo. Swali hilo linahusu mtihani pia. Sura ya 33 ikiletwa, sarufi ipewe nusu ya alama. Nusu nyingine iende kwa maswali haya: nani anahesabu, nani anahesabiwa, na kwa nini Caesar alitaka wasomaji wa Roma waione idadi hiyo.