Kipimo cha GMO kikisema "haikuonekana", uliza kilitafuta nini

Cheti cha maabara kinachosema chakula "hakina GMO", yaani hakina kiumbe kilichobadilishwa jeni, huaminiwa haraka mno. Mimi nashikilia kwamba hakifai kutegemewa kama hakitaji mambo matatu: punje ngapi zilisagwa, kipande kipi cha DNA kilitafutwa, na DNA iliyoingia kwenye kipimo ilikuwa kiasi gani. Ukijua jinsi mimea hii inavyotengenezwa, utaona kwa nini.

Jeni haiingizwi mmeani peke yake. Hutanguliwa na kianzishi, yaani kipande kinachoiamuru seli ianze kuisoma, na hufuatwa na kikomesho. Kwa miaka mingi watengenezaji walipendelea kianzishi cha 35S, kilichotolewa kwenye virusi vya mosaiki ya koliflawa, na kikomesho cha NOS kinachotoka kwa bakteria wa udongo, Agrobacterium tumefaciens. Bakteria huyohuyo hutumiwa kama mbebaji. Vipande vya majani au viinitete vichanga huloweshwa kwenye maji yenye bakteria, naye hupenyeza sehemu ya DNA yake hadi kwenye kromosomu za mmea. Njia nyingine ni bunduki ya jeni, inayorusha chembe za dhahabu au tungsteni zilizopakwa DNA. Baadaye tishu huwekwa kwenye lishe yenye dawa, kwa mfano kanamaisini. Seli zisizopokea jeni ya kustahimili dawa hiyo, iliyopandikizwa pamoja, hudhoofika na kufa, zilizosalia huchipuzwa kwa kurekebisha uwiano wa homoni za mmea, auksini na saitokinini.

Kwa njia hizi mbili, hakuna anayechagua mahali jeni itakapotua. Inaweza kuingia mara kadhaa, ikakatikakatika (hasa kwa bunduki), au ikaangukia katikati ya jeni nyingine. Ndiyo maana miche mingi hutupwa hadi upatikane mmoja wenye nakala iliyokaa vizuri. Mche huo na uzao wake huitwa tukio. Pale DNA ya mmea inapokutana na kipande kilichopandikizwa pana mfuatano ambao tukio jingine halina, na huo ndio ushahidi ninaoukubali.

Maabara nyingi huanza kwa mchujo wa PCR (mbinu ya kurudufu kipande cha DNA, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kionekane) unaotafuta 35S na NOS. Ni mwanzo mzuri, lakini si mwisho. Soya ya MON 89788, inayostahimili dawa ya magugu ya glaifoseti, haina hata kimoja kati ya hivyo viwili; anayeishia hapo atatoa cheti safi kwa shehena nzima ya soya hiyo. Kinyume chake, kabichi iliyougua virusi vya mosaiki ya koliflawa itaonyesha 35S ilhali haijaguswa na mtu. Hapo itafutwe jeni nyingine ya kirusi chenyewe, kisha matukio yapimwe moja moja.

Sampuli nayo huharibu kazi kabla mashine haijawashwa. Shehena ikiwa na punje moja ya GMO kwa kila 1,000, ukichota punje 3,000 bila upendeleo una uwezekano wa 95% wa kupata walau moja. Ukichota 300, uwezekano unashuka hadi 26%. Punje 3,000 za mahindi ni karibu kilo moja, nazo zisagwe zote ziwe unga laini, kwa sababu kinachotolewa DNA ni miligramu mia chache tu. Kinu kisafishwe kila baada ya sampuli. Vumbi la sampuli iliyotangulia linatosha kuleta jibu la uongo.

Halafu kuna hesabu ambayo vyeti vingi huiruka. Jenomu moja ya mahindi, yaani seti nzima ya DNA yake, ina uzito wa takriban pikogramu 2.7, kwa hiyo nanogramu 100 za DNA (nanogramu moja ni pikogramu 1,000) ni nakala kama 37,000, na 0.1% yake ni nakala 37. Hizo zinapimika. DNA ikiwa nanogramu 1 tu, 0.1% haifiki hata nakala moja. Kuandika "chini ya 0.1%" kwa DNA hiyo ni kumdanganya mteja.

Polifenoli na polisakaridi, kemikali za asili za mmea, nazo huzuia PCR. Namna ya kuzigundua ni rahisi: zimua DNA ibaki robo ya ukali wake. Ishara inapaswa kuchelewa mizunguko miwili. Ikichelewa kidogo tu, au ikawahi, kuna vizuizi na DNA isafishwe upya.

Asilimia pia husomwa vibaya. Kikomo cha Umoja wa Ulaya cha 0.9%, ambacho chakula kikikipita lazima kiwekwe lebo, huhesabiwa kwa kila kiambato. Biskuti yenye unga kidogo wa soya, soya yote ikiwa ya GMO, ina 100% na siyo sehemu ndogo ya biskuti nzima. Ndiyo maana jeni ya lektini, ambayo soya yoyote huwa nayo, hupimwa sambamba, iwe msingi wa kugawanya.

Joto na asidi hukatakata DNA, kwa hiyo kwenye chakula kilichosindikwa kitafutwe kipande kifupi, kisichozidi jozi 100 hivi za besi, yaani "herufi" za DNA. Vipimo vya utepe vinavyotafuta protini havifai kwa kilichopikwa, kwani joto huharibu umbo la protini. Mafuta na sukari vilivyosafishwa karibu havibaki na DNA yoyote; huko fuata nyaraka za mzigo tangu shambani. Jeni ya lektini isipoonekana kwenye mafuta ya soya, maabara iandike "haikupimika", isiandike "hakina GMO".