Afande wa Njeru

Shemeji yangu wa Jinja, Uganda, hakusemi usoni. Alinitazama nikila chapati jioni nzima, akanyamaza, kisha akamgeukia mama watoto: "Dada, huyu mumeo tutamrudisha Tanga kwa lori." Alfajiri akanigongea dirisha.

Ilikuwa 2017. Njia aliyoipanga ilipendeza kuisikia ukiwa bado umelala: tuanzie Main Street, tuteremke hadi bustani ya chanzo cha Mto Nile, tupande mpaka bwawa la Nalubaale, tuvuke kuingia Njeru, tufuate ng'ambo ile hadi mnara wa Speke, yule Mwingereza aliyetafuta chanzo cha Nile, kisha turudi kwa mtumbwi. Akaniazima fulana yake ya kijani kilichokolea, maana zangu zilikuwa zinaishia kitovuni. Na juzi yake kinyozi alikuwa ameninyoa kipara. Fulana na kipara, yaweke akilini.

Main Street ina maduka ya zamani ya Wahindi, na juu ya mengi wameandika mwaka yalipojengwa. Nilisimama kusoma kila mwaka. Shemeji akadhani napenda historia. Juu ya jalala kaloli watatu, wale korongo wakubwa wenye vichwa vitupu, walinitazama kama jamaa wanaosubiri mirathi.

Pale bustanini kuna sanamu ya Gandhi. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika maji haya mwaka 1948, na sanamu ikazinduliwa 1997 na Gujral, waziri mkuu wa India wa wakati huo. Nilimsimulia shemeji habari hizi pole pole sana, nikaziongezea na maandamano ya chumvi ya 1930.

"Karibu kilomita 390, shemeji, na zote alitembea. Hakukimbia hata moja."

"Twende," akasema.

Tulipokaribia bwawa, akaona muuza roleksi, chapati ya kuviringishia mayai, anageuza mayai yake. Miguu yake ikapungua mwendo yenyewe. "Tangulia, nitakukuta. Ila pale juu usisimame, na simu usiitoe."

Nalubaale ilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, enzi hizo ikiitwa Owen Falls, na maji yake ndiyo yaliyoyafunika maporomoko ya Ripon. Daraja jipya lilikuwa bado linajengwa, lilikuja kufunguliwa Oktoba 2018, kwa hiyo malori yote ya Mombasa kwenda Kampala yalipita juu ya bwawa hilohilo, pembeni yangu, yakinipulizia moshi. Askari wenye bunduki wamesimama. Picha marufuku, kusimama marufuku. Katika njia nzima hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu haruhusiwi kupumzika, na hapo ndipo pumzi zangu zilipoamua kuishia.

Nikashika ukingo. Simu ikanguruma mfukoni. Mpwa wangu alikuwa ameitia programu ya mazoezi, na mwanamke wa Kizungu aliyemo ndani yake akatangaza kwa sauti kuwa zoezi limesitishwa.

"Wewe! Iko nafanya nini hapa?"

"Shikamoo, afande. Niwie radhi sana, pumzi zimenikatika, naomba unistahimilie kidogo tu, naondoka sasa hivi."

Askari akanyamaza. Uganda, Kiswahili kwa miaka mingi kimekaa kambini. Raia wengi wamekizoea kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na hakiji na "niwie radhi". Akatazama kipara. Akatazama fulana.

"Kikosi gani?"

Mimi nikasikia kijiji gani. "Chumbageni."

"Hiyo iko Karamoja?" Hapo macho yake yakafika tumboni, akapata jibu lake mwenyewe. "Hapana. Jeshi hakuna tumbo hii. Kimbia! Mbio!"

Nikakimbia. Mchakamchaka wa shule ya msingi, niliodhani nimeuacha Tanga, ukarudi wote miguuni.

Sasa jiweke upande wa Njeru. Unamwona jitu linatimka kutoka kwa askari, linageuka nyuma kila hatua tatu. Boda boda wa kwanza hakuuliza. "Mubbi! Mubbi!" Mwizi, yaani mimi. Pikipiki zikawashwa. Wangenikamata mara moja, lakini walikuwa bado wanabishana nimeiba nini. Mama wa nyanya akasema mkoba. Mwingine akasema kuku. Ndipo yule mwanamke wa Kizungu akanipongeza kutoka mfukoni: hii ndiyo kilomita yangu ya kasi kuliko zote.

"Simu!" wakapiga kelele kwa pamoja. "Ameiba simu!"

Nilipoona pikipiki imenikata mbele, nikageuka, nikanguruma: "Jamani, hebu simameni hapo! Mna nini ninyi?"

Kimya. Kiswahili, kipara, fulana ya kijani. Wa mbele akashuka. "Afande, tusamehe. Helmeti iko nyumbani."

Sikusema mimi ni afande. Wala hakuna aliyeniuliza. Wakanisindikiza kwa heshima hadi mnara wa Speke, aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862. Msafara wake ulitoka Zanzibar mwaka 1860, karibu miaka miwili njiani. Angefukuzwa na vijana wa Njeru angewahi zaidi.

Mwenye mtumbwi akakataa kunitoza. Katikati ya maji akaanza kupiga kasia taratibu. "Afande, nina kijana wangu amemaliza kidato cha nne. Mnachukua lini?"

"Tutaona," nikasema. Ulitaka niseme nini, na kuogelea sijui?

Shemeji alikuwa ng'ambo, amekaa karibu na Gandhi, roleksi ya pili ikiwa nusu. Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka kabichi ikamtoka puani.

Jumapili wakaja nyumbani: mwenye mtumbwi, bahasha ya vyeti, jogoo hai, na kijana mwembamba, kaptula imepigwa pasi, amesimama wima mlangoni.

"Afande," kijana akasema, "nianze kukimbilia wapi?"

Shemeji alishampokea jogoo. "Mzunguko mzima," akamjibu kabla sijafungua kinywa. "Main Street hadi kwa Speke. Afande mwenyewe atakuongoza."